Msikilize aliyekaa kushoto

Watu wawili wanapopiga piano moja, mikono minne juu ya vitufe 88, sifa karibu zote humwendea aliyekaa kulia. Huyo huitwa primo. Ndiye mwenye wimbo, ndiye anayemwaga noti za juu zinazong'aa, na hata jukwaa linampendelea: piano huwekwa ubavu, wapigaji wakiwaelekezea watu bega la kulia, hivyo primo yuko mbele na mwenzake, secondo, amefichika nyuma yake. Ukiwa umekaa ukumbini utaona nusu ya kichwa cha secondo na mguu wake wa kulia, basi.

Naona tumemkosea huyu wa kushoto. Huenda nina upendeleo, maana nimeimba sauti ya nne kwenye kwaya ya parokia kwa muda mrefu, na sisi wa besi tumezoea kusimama kimya baada ya misa huku watu wakiwapongeza akina dada wa sauti ya kwanza. Lakini hoja yangu haitokani na kinyongo cha besi. Inatokana na ule mguu.

Pedali ya kulia ya piano huinua vile vidude vyenye kitambaa vinavyokaba nyuzi, sauti ikaendelea kulia hata baada ya kidole kuondoka. Pedali hiyo ni moja, na wapigaji ni wawili. Kwa desturi anayeikanyaga ni secondo, kwa sababu akordi, yaani noti kadhaa zinazosikika pamoja, hubadilika kuanzia chini na pedali hufuata akordi. Maana yake ni hii: primo anapiga wimbo, lakini kama noti yake itaungana na inayofuata au itakatika, kama itapata hewa au itabanwa, hilo liko chini ya unyayo wa mtu mwingine. Secondo akichelewa kidogo tu kuachia, wimbo wa mwenzake unavurugika. Akiachia mapema, unakauka. Kwa hiyo analazimika kuisikiliza sehemu ya mwenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe, huku mikono yake ikifanya kazi tofauti kabisa.

Primo naye ana shida zake, sikatai. Anakaa upande mmoja wa kibodi, mguu hauna kazi, na mara kwa mara mkono wake wa kushoto unagombania kitufe na mkono wa kulia wa jirani yake. Noti ni ile ile: mmoja bado ameishikilia, mwingine anatakiwa aipige sasa hivi. Nyundo haiwezi kugonga vizuri kabla kitufe hakijainuka, basi aliyekishika inabidi atoe kidole mapema kuliko karatasi inavyosema. Mazoezi ya wapigaji wa aina hii ni makubaliano ya viwiko kwa sehemu kubwa. Wewe pita juu, mimi nitapita chini. Ukifika hapa, vuta benchi.

Kazi inayoonyesha haya yote vizuri kuliko nyingine ninazozijua ni Fantasia ya mtunzi wa Austria Franz Schubert katika F maina, gamu yenye sauti ya huzuni, iliyopewa namba D. 940 katika orodha ya kazi zake. Aliitunga mwaka 1828, na mwezi Mei mwaka huo aliipiga yeye na rafiki yake Franz Lachner wakimsikilizisha rafiki mwingine, Eduard von Bauernfeld. Novemba alikufa, akiwa na miaka 31. Kazi ilichapishwa mwaka uliofuata ikiwa imetolewa kwa heshima ya Caroline Esterházy, mwanafunzi wake wa zamani, binti wa familia ya kikabaila ambayo Schubert aliifundishia muziki kwenye makazi yao ya Zseliz mwaka 1818 na tena 1824.

Hapo ndipo waandishi wengi hukimbilia mapenzi: mwalimu fukara, binti wa watu wakubwa, mikono inagusana kwenye kibodi. Hadithi hiyo inauza, na pengine ina ukweli ndani yake. Mimi inanichosha, kwa sababu inatufanya tuitazame mikono badala ya kuisikiliza.

Usikilize mwanzo wenyewe. Secondo anaanza peke yake, pole pole, akordi za F maina zilizovunjwavunjwa na kubembea. Kisha primo anaingia, na anachopiga ni kidogo kupita kiasi: noti chache, zinazorudiwarudiwa, na kamdundo kadogo ka kurukaruka. Ukiutoa wimbo huo na kuupiga wenyewe, utajiuliza watu wanalilia nini. Huzuni yote iko chini yake. Baadaye wimbo ule ule unarudi katika F meja, gamu yenye sauti ya kung'aa zaidi, na mtu mwenye masikio mazuri atahisi chumba kimebadilika. Juu wimbo umebaki karibu kama ulivyokuwa. Sakafu ndiyo iliyobadilishwa. Kazi nzima huchukua karibu dakika 20 bila kusimama, ikapitia sehemu ya taratibu, kisha skertso, yaani sehemu ya kasi na ya kuchezacheza, kisha ule wimbo wa mwanzo tena, na mwishowe fuga nzito, ambapo sauti kadhaa hupokezana wimbo mmoja, na ambamo sauti za chini haziwezi tena kuitwa za kusindikiza na mtu yeyote mwenye haki.

Sababu moja ya kudharauliwa kwa secondo ni darasani. Mwalimu humkalisha mtoto kulia, kwenye wimbo mwepesi, yeye akashika kushoto. Ni busara, mtoto anajisikia anapiga muziki wa kweli. Mtunzi wa Ufaransa, Maurice Ravel, alijua hivyo alipowaandikia watoto wa familia ya Godebski, Mimi na Jean, vipande vyake vitano vya ngano, Ma mère l'Oye. Vilipopigwa hadharani kwa mara ya kwanza jijini Paris mwaka 1910, waliokaa kwenye benchi walikuwa wasichana wawili, Jeanne Leleu na Geneviève Durony, na Leleu alikuwa na miaka 11. Kuna kipande cha Mrembo na Mnyama ambapo Mrembo anaongea upande wa primo na Mnyama anaunguruma kwenye besi kwa secondo. Kama ningekuwa mtoto ningeugombania unyama ule. Wasiwasi wangu ni kwamba mtoto asipohamishwa kiti mapema, anakua akiamini kushoto ni mahali pa msaidizi.

Na karne ya 19 isingekwenda bila benchi hilo. Kabla ya santuri, mtu wa mji mdogo wa Ujerumani ambaye hakuwa na okestra karibu aliifahamu simfoni ya Beethoven kwa kununua karatasi za mikono minne na kukaa chini na dada yake au jirani. Kurasa zilichapwa zikitazamana, secondo kushoto, primo kulia. Mtunzi wa Ujerumani, Brahms, alipanga baadhi ya simfoni zake mwenyewe kwa namna hiyo. Zile Ngoma za Kihungaria ambazo leo tunazisikia zikipigwa na okestra nzima zilitoka kwanza mwaka 1869 kwa mikono minne. Mchapishaji wake, Simrock, alipoona biashara hiyo ilivyolipa, alimwagiza Dvořák, mtunzi wa Kicheki, amtungie ngoma za Kislavoni, nazo mwaka 1878 zikamtoa Dvořák kwenye ufukara wa jina. Majumbani ndiko sifa ilikojengwa.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha 1912. Mtunzi wa Kirusi, Stravinsky, alikuwa anaimalizia kazi yake ya Le Sacre du printemps, muziki wa baleti, ambayo mwaka uliofuata ingezua kizaazaa ukumbini Paris. Akaileta kwa mikono minne nyumbani kwa mwandishi Louis Laloy, nje kidogo ya jiji, na aliyekaa naye kwenye piano alikuwa Claude Debussy. Laloy alisimulia kwamba Debussy alikubali kushika besi. Fikiria hilo: mtu wa karibu miaka 50, mtunzi aliyeheshimika Ufaransa nzima, anakaa kushoto kwa kijana wa karibu miaka 30 na kumbebea mdundo wa kazi ambayo hajawahi kuisikia kwa okestra. Na mdundo wa kazi hiyo ni wa kuvunja mifupa. Stravinsky alivua kola ya shati, pua karibu iguse kibodi, na mahali ambapo mikono haikutosha akawa anaimba kwa kuguna.

Siku hizi wapigaji wengi huigawa kazi hiyo kwenye piano mbili ili wasigongane. Nawaelewa, na zipo kazi zilizotungwa hasa kwa piano mbili, kama sonata ya Mozart K. 448 ya mwaka 1781, ambazo hazina kosa lolote. Lakini kwenye piano mbili kila mtu ana pedali yake na nafasi yake, na ule mgongano wa Sacre ni sehemu ya hofu yake. Ukiuondoa, kinachobaki ni safi mno.

Waliolielewa benchi moja kuliko wote, kwangu mimi, ni György Kurtág, mtunzi wa Kihungaria, na mkewe Márta. Walioana 1947, wakapiga pamoja hadi uzeeni, na Márta alifariki 2019. Walipenda piano ya wima, ile ya majumbani, yenye kizima-sauti, yaani kifaa cha kufifisha sauti, wakipiga vipande vifupi vya György vilivyochanganywa na Bach aliyempanga upya kwa mikono minne. Hakuna anayejionyesha. Ukisikiliza kwa dakika chache unaacha kujali nani anapiga nini, jambo ambalo mimi, mtetezi wa secondo, sikulitegemea.

Anayetaka kuanza aitafute Fantasia ya Schubert waliyorekodi Radu Lupu na Murray Perahia miaka ya 1980, kisha ile ya Sviatoslav Richter na Benjamin Britten, iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye tamasha la Aldeburgh nchini Uingereza, ambayo ina fujo zaidi. Tumia spika za masikioni. Spika ya simu haitoi besi, na utajikuta umemsikiliza mpigaji mmoja tu.