Mfumo ukiwa chini, kazi iko wapi?

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Si masihara. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka tisa tu kabla ya hapo. Leo ni rahisi kuwacheka wazee wale, pamoja na wanaotaka kazi za ofisi zirudi kwenye kalamu na karatasi. Mimi siwacheki sana wote hao, hasa tangu Mei 2024.

Tarehe 12 Mei mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani. Umeme ulikuwepo. Kompyuta zilikuwa zinawaka vizuri tu. Wiki hiyo nilikuwa nafuatilia karatasi moja katika ofisi fulani, yenye madirisha mawili. La kwanza alikaa kijana. "Mtandao unasumbua," akasema, kisha akarudi kuitazama simu yake, ambayo nayo haikuwa na mtandao, lakini aliitazama hivyo hivyo. La pili alikaa mama wa makamo. Alitoa kaunta buku, akapiga mistari kwa rula akapata safu nne: jina, simu, shida, kinachopungua. Akatusikiliza mmoja mmoja. Mimi aliniambia barua yangu haina muhuri wa serikali ya mtaa, niufuate sasa hivi nisije nikarudishwa siku mtandao ukitulia. Kweli, uliporudi nilimaliza kwa dakika kumi.

Kijana yule hakuwa mvivu. Amefundishwa kazi kwa njia ya vitufe: bonyeza hapa, jaza pale, mfumo utakuambia kama nyaraka zimetimia. Skrini ikigoma, hajui hata cha kumwuliza mteja. Mama yule anajua ombi linahitaji nini na kwa sababu gani. Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaotetea kalamu na karatasi. Ile nyingine, kwamba kuandika kwa mkono kunatuliza akili na kupunguza vishawishi, sina ugomvi nayo, ila hayo ni mambo ya mtu na meza yake. Foleni ya watu arobaini haijali akili ya nani imetulia.

Lakini tusijisahaulishe masijala zilivyokuwa. Faili moja haliwezi kuwa kwenye meza mbili kwa wakati mmoja. Likiwa kwa bwana mkubwa, wengine wote wanasubiri; bwana mkubwa akienda likizo na funguo za kabati, mnasubiri zaidi. Halafu kulikuwa na yale mafaili yasiyoonekana wiki nzima, yakaonekana ghafla mwenye shida akishatoa "ya chai". Kila ninaposoma mtu akililia enzi za daftari, huwa najiuliza alikaa upande gani wa kaunta.

Mifano miwili ya utumishi wa umma Tanzania inanizuia kuegemea upande mmoja. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kubaini watumishi hewa zaidi ya 10,000. Mishahara ilikuwa inalipwa kwa mfumo wa kompyuta, na kompyuta iliwalipa hewa hao bila kinyongo, kwa sababu majina yao yalikuwemo. Ilibidi watu wahakikiwe kwenye vituo vyao vya kazi, ijulikane nani yupo na nani hayupo. Mwaka uliofuata ukaja uhakiki wa vyeti, wakabainika watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hapo macho peke yake yasingefaa kitu: mtu yupo, anafanya kazi, pengine anaifanya vizuri. Ilihitajika kulinganisha vyeti vya mamia ya maelfu ya watu na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Jaribu kuifanya kazi hiyo kwa kufungua leja moja moja.

Kwa hiyo kutafuta na kulinganisha naiachia mashine bila ubishi. Kumpokea mtu, kumsikiliza, kukagua alichokuja nacho na kumwambia ukweli wa hatua inayofuata, hayo hayahitaji umeme. Ofisi inayoshindwa hata hayo kwa sababu mfumo uko chini haina cha kusingizia bahari.

Watakaonipinga kwa haki ni wauguzi. Wao karatasi hawaisomi magazetini, wanaishi nayo. Kwenye zahanati nyingi vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu na takwimu za huduma za afya, bado viko mezani: wajawazito kitabu chao, watoto chao, wagonjwa wa nje chao. Mwisho wa mwezi mtu mmoja anakaa anajumlisha vijistari mpaka jioni, takwimu ziende wilayani zikaingizwe kwenye mfumo. Kompyuta ilipofika kwenye baadhi ya vituo, vitabu havikuondoka. Anayehudumia foleni sasa anaandika mara mbili, kwa mshahara ule ule. Ukimwambia muuguzi huyo kwamba daftari ni akiba ya siku mbaya, atakuonyesha siku zake za kawaida.

Sina jibu la kumfurahisha, ila naona kosa halianzii kwenye daftari. Linaanzia pale mwajiri anapolitegemea kimya kimya bila kuhesabu saa zake. Kama kaunta buku ndiyo inayoiokoa ofisi mtandao ukikatika, basi iwemo kwenye utaratibu, na ipangwe siku ya kuhamisha yaliyoandikwa na mtu wa kuyahamisha.

Nilipokwenda kuchukua karatasi yangu nilimwuliza mama yule majina yote yale aliyaingiza saa ngapi. "Jumamosi," akasema. Jumamosi ofisi ile huwa imefungwa.