Kwotesheni ya figa moja ni kubahatisha kumepigwa mhuri

Mtu yeyote anayerepea mashine za viwanda huku kwetu, kuanzia Kisumu, Muhoroni, Awendo, Kericho mpaka Nakuru, analijua hili swali na huwa linakuja kabla hata hujashusha tulboksi kwa pikapu: "Injinia, hiyo itakuja ngapi?" Giabox bado imefungwa, oili haijamwagwa, hakuna mtu anajua ndani kuko nini, lakini watu wa akaunti wanataka figa, na si figa mbili, wanataka moja, na ikifika jioni hujatuma utaambiwa kuna kontrakta mwingine ashatuma yake.

Sasa mimi maoni yangu ni kwamba hiyo figa moja ni kubahatisha tu, sema imeandikwa kwa karatasi yenye nembo ya kampuni ikapigwa mhuri. Mteja anajua, kontrakta anajua, na bado tunauziana mbuzi kwenye gunia kila wiki. Na zile teknolojia za maintenance tunaletewa kila siku, sijui sensa, sijui programu ya simu, sijui nini inatuma data mbinguni, mimi swali langu ni moja tu kabla ya kununua: hii kitu itapunguza kubahatisha kwangu kwa shilingi ngapi?

Wacha niweke mfano wa hesabu. Umeitwa kuangalia giabox ya konveya. Kama ni beringi na sili peke yake, tuseme 180,000. Kwa kawaida unapata beringi, sili na shafti imelika kidogo inahitaji kujazwa na kuchongwa kwa leth, ile mashine ya kuchonga chuma, 260,000. Lakini kuna siku unafungua unakuta meno ya gia yamemegeka, kipande kimezunguka na kukwangua kila kitu, na gia ya saizi hiyo haipatikani Nairobi, hapo ni 700,000. Wengi wetu tunaandika 260,000 kwa sababu ndio "ya kawaida". Kuna formula ya zamani inaitwa PERT, ilitoka kwa jeshi la maji la Marekani mwaka 1958 wakipanga mradi wa makombora ya Polaris, inasema chukua bei ya chini, ongeza ya kawaida mara nne, ongeza ya juu, gawa kwa sita. Piga hapo: 180,000 na 1,040,000 na 700,000, jumla 1,920,000, gawa kwa 6 unapata 320,000.

Umeona? Bei ya kawaida si wastani. Mkia wa hasara uko upande mmoja tu, giabox haiwezi kukushangaza kwa kuwa bei rahisi sana lakini inaweza kukushangaza kwa kuwa ghali mara tatu. Kwa hivyo yule anaandika 260,000 kila kazi anapoteza 60,000 kwa wastani kila akifungua boliti na hajui inaenda wapi, anadhani ni vijana wanaiba spea. Na yule mjanja anaandika 450,000 kila mahali ndio akae salama, sasa mteja mwenye tatizo dogo la sili ndiye anamlipia mwenye gia iliyovunjika.

Halafu hapo sijaongea juu ya dola. Beringi, sili, kontakta (swichi ya kuwasha mota), VSD (kifaa cha kubadilisha spidi ya mota), hivi vitu havitengenezwi hapa. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa inacheza 123, 124, Januari 2024 ikapita 160, serikali ikanunua sehemu ya ile Eurobond, deni lake la dola, mwezi wa pili na ndani ya miezi kama miwili shilingi ikarudi kama 130 hivi. Watu wengi wanakumbuka ile ya kupanda tu, lakini ile ya kushuka pia iliuma wengine, kuna waliojaza stoo na spea za dola 160 halafu Aprili wanashindana na mtu aliyeagiza jana. Mafuta nayo bei inabadilika kila tarehe 14 EPRA, wale wa serikali wa kudhibiti bei ya mafuta, wakitangaza, Septemba 2023 petroli ilifika 211.64 pale Nairobi, na kazi yetu ni ya kuzunguka, leo uko Kibos kesho uko Londiani. Ndio maana nikiona kwotesheni imeandikwa inashikilia siku 90 najua mwenye kuiandika ama ameweka mto mkubwa ndani, yaani pesa ya ziada ya kujikinga, ama hajui anafanya nini.

Kwa kazi za serikali ni ngumu zaidi. Sheria ya manunuzi ya umma ya 2015, kifungu cha 139, inasema bei ya kontrakti haipandishwi ndani ya miezi 12 tangu kusaini, na hata baada ya hapo nyongeza zote pamoja zisifanye kontrakti ivuke asilimia 25 zaidi ya ile ya mwanzo. Naelewa kwa nini iliwekwa, tumeona nyongeza za ajabu nchi hii. Lakini matokeo yake kwa ground ni kwamba kila mtu anaweka mto siku ya kwanza, na huo mto haurudi hata dola ikishuka. Nani ashawahi kuona kontrakta anarudisha?

Turudi kwa teknolojia sasa, kwa sababu hapa ndio watu huniudhi. Kuna muuzaji anakuja na sensa zisizo na waya, unabandika kwa mota, zinatuma vaibresheni, yaani mtetemo wa mashine, kwa intaneti, unalipa kila mwezi kwa dola. Siku ya onyesho graf inapanda inashuka vizuri kabisa, meneja anafurahi. Mimi sikatai, ziko mahali zinafaa. Kompresa ya amonia kwa kiwanda cha samaki hapa Kisumu, ile inazunguka mchana na usiku, ikisimama samaki anaoza na hasara ya samaki ni kubwa kushinda kompresa, weka sensa, lipa dola, hakuna ubishi. Lakini mtu huyo huyo anataka kukuuzia sensa hiyo hiyo kwa rola za kinu cha miwa. Rola za kinu zinazunguka mizunguko michache tu kwa dakika, vaibresheni ya kawaida kwa spidi hiyo haikuambii kitu cha maana, zinakalia beringi za shaba nyeusi za kuteleza na pale unataka kujua joto la beringi, oili inafika ama haifiki, na shafti imelika milimita ngapi. Hiyo unapima na kipima joto na maikromita. Sasa umelipa dola kila mwezi kuona laini iliyonyooka.

Vifaa vinavyonipunguzia mimi kubahatisha ni vya kizamani kiasi. Megger ndio wa kwanza, kile kipimo cha kuangalia kama umeme unavuja kwa koili za mota. Mota ya volti 415 ikisomeka chini ya megaohm 5 kwa koili za kisasa, hiyo huiwashi, unaikausha kwanza, na ikikataa kupanda baada ya kukausha unajua ni kuriwaindi, yaani kusukwa koili upya, na unajua bei ya kuriwaindi kabla hujaandika chochote. Kipima vaibresheni cha mkono ni cha pili, ile jedwali ya viwango vya kimataifa, ISO 10816 (siku hizi imehamia 20816) kwa mota za saizi ya kati, kilowati 15 mpaka 75, inasema ukipita milimita 2.8 kwa sekunde usiiache hivyo muda mrefu na ukipita 7.1 zima. Tatu ni chupa ya sampuli ya oili. Vipande vya chuma ndani ya oili vinakuambia kama meno ya gia yanakufa, na hapo ile 700,000 ama inaingia mezani mapema ama inatoka kabisa. Angalia ile hesabu ya juu: nikijua gia ni nzima, kazi yangu inabaki kati ya 180,000 na 260,000, na sasa naweza kukupa figa moja na nikaisimamia. Sampuli ya oili inagharimu sehemu ndogo sana ya hiyo tofauti.

Kamera ya joto pia nzuri, hasa kwa panel za umeme, koneksheni imelegea unaiona inawaka tu. Basi.

Na kuna kifaa hata hakiitwi teknolojia na watu, relay ya kulinda fezi, inayozima mota fezi moja (laini moja kati ya tatu za umeme) ikipotea. Umeme wetu wa Magharibi tunaujua, fezi moja inapotea, mota ya fezi tatu inaendelea kuzunguka kwa mbili inanguruma mpaka koili zinaungua. Ile blackout ya nchi nzima ya tarehe 25 Agosti 2023 watu waliongea sana juu ya giza, lakini mafundi wa mota tunaogopa zaidi stima ikirudi, inarudi vipi, inapanda inashuka. Mtu ana pampu kumi na hana hata relay moja, lakini anauliza bei ya sensa za intaneti. Omera, anza na relay.

Kitu kingine kinachopotosha bajeti ni ile imani ya kubadilisha kila kitu kila mwaka. Shatidauni ikifika, yaani kiwanda kikisimamishwa kwa matengenezo, wanaandika "beringi zote", nzima na mbovu. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa United Airlines waliandika ripoti juu ya vifaa vya ndege, wakaona ni asilimia 11 tu ya vifaa vinavyoharibika kwa kufuata umri, na asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi pale mwanzo vikiwa vipya. Viwanda vyetu si ndege, naelewa, lakini fikiria: unatoa beringi iliyokaa vizuri unaweka mpya, labda feki (na feki ziko, mpaka SKF wametengeneza programu yao ya SKF Authenticate unawatumia picha za beringi wakague), labda kijana ameigonga na nyundo, labda imejazwa grisi kupita kiasi. Umelipa pesa kununua hatari.

Lakini pia si kila kitu. Rola za CTC kwa viwanda vya majani chai vya Kericho na Nandi, ile mashine ya kukata na kuviringa majani iliyoanza Assam 1930, meno yake yanaisha kwa masaa ya kazi na majani yakianza kutoka mabaya unaonja kwa kikombe, hizo unanoa kwa ratiba na gharama yake unaijua mwaka mzima mbele. Ningependa kazi zote ziwe hivyo. Pampu za kuvuta maji ya ziwa ni kinyume kabisa, gugumaji likisukumwa na upepo likaja kuziba chujio, pampu inakosa maji, inaanza kusikika kama imejaa kokoto, na impela, ile gurudumu la ndani la kusukuma maji, inaliwa kwa muda mfupi. Ratiba gani itajua upepo utavuma wapi? Hapo gharama yako iko kwa mtu wa kusafisha chujio na geji ya presha upande wa kuvuta, si kwa kubadilisha impela kila Desemba.

Na 2023 viwanda vya sukari viliposimamishwa kusaga miezi kadhaa kwa sababu miwa haikuwa imekomaa, wengi walidhani mashine zinapumzika. Mashine haipumziki ikisimama. Unyevu unaingia kwa koili, beringi inakaa na uzito mahali pamoja inajichora alama. Kugeuza shafti kwa mkono kila wiki na kuacha hita ndogo ndani ya mota ni kazi ya kibarua mmoja, lakini haikuwa kwa bajeti kwa sababu bajeti inajua kusaga na shatidauni peke yake.

Sasa nikiwaambia wateja tutumie bei mbili, jibu nalijua. Mhasibu mmoja wa Nakuru aliniambia wazi, "Injinia, ukianza na bei ya kutoka hapa mpaka pale, nyinyi mnaishia pale kila siku." Na hajakosea. Kontrakta akishajua dari iko 700,000 gia itavunjika tu, hata kama ilikuwa nzima. Ndio maana mimi sitaki range ya mdomo. Nataka LPO, yaani oda ya mteja, ya kwanza iwe ya kufungua, kuosha na kupima, bei ndogo isiyobadilika. Halafu vipimo viandikwe, shafti imelika ngapi, meno yako namna gani, picha zipigwe, na fundi wa kiwanda awe amesimama pale, si kuletewa ripoti. Bei za kila spea na za saa ya leth tukubaliane kabla ya kufungua, spea za dola ziandikwe kwa kiwango cha siku ya kununua. Beringi za zamani zinabaki kwa meza ya mteja. Na pesa ya dharura, ile ya 700,000 ikitokea, ikae kwa mteja, si kwa kwotesheni yangu, kwa sababu pesa ya dharura ikikaa kwangu dharura itapatikana.

Wenye viwanda binafsi wachache wamekubali hii na nikiangalia, wao ndio wanalipa haraka pia, sijui kama inahusiana. Shida iliyobaki ni fomu za manunuzi. Fomu iko na kisanduku kimoja cha bei, na ukiandika figa mbili unakatwa kwamba hujajaza sawasawa, hata kabla ya kufika kwa mtu anayejua giabox ni nini. Kwa hivyo saa hii naandika bei ya kufungua na kupima kwa kile kisanduku, naambatisha ukurasa wa pili wenye bei za spea na saa za kazi. Ofisi zingine zinasoma ule ukurasa. Zingine zinaona nimetuma bei ya chini kuliko wote, wananipa kazi, halafu tukishafungua ndio tunaanza kuelewana.