Kumbukumbu isiyosahau, na bei yake

Wiki iliyopita nilikuwa steshenari moja ya Sinza umeme ulipokatika. Kijana aliyekuwa akichapa utafiti wa mwanafunzi alikuwa amefika ukurasa wa 40. "Ulisevu?" mwenye kazi akauliza. Kimya. Umeme uliporudi, kurasa nane zilikuwa zimekwenda na maji.

RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, ndivyo ilivyo. Kila biti ni chaji ndogo ya umeme inayovuja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na kompyuta huijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Ukikata umeme, ndoo inakauka. Ndiyo maana mwaka 2015, kampuni za chipu za Intel na Micron zilipotangaza 3D XPoint, wengine tuliona kama imetengenezwa kwa ajili ya Dar: kumbukumbu inayotunza data hata bila umeme, ambayo walisema ina kasi hadi mara 1,000 ya fleshi (kumbukumbu iliyomo kwenye flash disk na SSD).

Bidhaa zilipofika sokoni, kasi ilikuwa nzuri sana, ila si hiyo ya kwenye tangazo. Tatizo kubwa likawa bei. Kwa kila gigabaiti ilikuwa ghali kuliko fleshi, na bado haikuifikia RAM kwa kasi, wakati fleshi yenyewe ilizidi kushuka bei. Tena, ili kuifaidi sawasawa, programu zilitakiwa ziandikwe upya. Micron wakajitoa 2021, na Intel wakatangaza kuifunga 2022.

Je, wazo lenyewe limekufa? Sidhani. MRAM, kumbukumbu nyingine isiyosahau, inayotunza data kwa sumaku, inauzwa na inatumika kwenye mitambo ya viwandani, ingawa kwa ujazo mdogo. Humo ndimo naiona ikikua, si kwenye kompyuta ya mezani. Na kumbukumbu isiyosahau ina kero yake: nywila iliyobaki humo haifutiki kwa kuzima mashine. Bila kuisimba data (kuigeuza isisomeke bila ufunguo), fundi yeyote anaweza kuondoka nayo.

Wasiwasi wangu ni soko. Kariakoo mteja anauliza "GB ngapi, na bei gani?" Sijasikia anayeuliza kama data itabaki umeme ukikatika, kwa sababu kuna njia ya bei rahisi. Yule kijana wa Sinza sasa anachapia laptop ya mtumba. Betri yake inakaa dakika 20, na kusevu hakumalizi hata moja.