Minyororo Nyuma, Injini Mbele

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa malori mjini Tanga, na mtu aliyekwisha kunasua Fuso kwenye tope la masika kwa kuyazungushia minyororo magurudumu ya nyuma hafundishwi kazi na karatasi ya maelekezo. Alipotutembelea Munich wakati wa baridi tulikodi gari-nyumba, yaani basi dogo lenye vitanda, jiko na choo, ili tumpeleke Kühtai, kijiji cha Tirol nchini Austria kilicho zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, akaishike kwa mkono ile theluji ambayo hadi wakati huo alikuwa ameiona kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, kila alipopita Moshi.

Gari tulilopewa lilikuwa na matairi ya majira ya baridi lakini halikuwa na minyororo ya kuyavisha magurudumu yasiteleze kwenye theluji, kwa hiyo tulikwenda kununua. Minyororo ya theluji hainunuliwi kwa kukadiria kwa macho. Hununuliwa kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na ni salama zaidi kuisoma kwenye tairi lenyewe kuliko kwenye kadi ya gari, kwa sababu matairi huenda yalibadilishwa. La kwetu liliandikwa 225/75 R 16 C: upana wa milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 75 ya upana huo, rimu ya inchi 16, na herufi ya mwisho ikionyesha kwamba ni tairi la magari ya mizigo. Shemeji aliupima mnyororo kwa kiganja, akauona mwembamba, akataka ule mnene wa lori. Muuzaji alimweleza kwa subira kwamba nyuma ya gurudumu kuna nafasi finyu, na mnyororo mnene ungeweza kukwaruza springi au kukata bomba la breki. Hapo Shemeji alinyamaza, maana habari za breki anaziheshimu. Lakini muuzaji aliposhauri tufanye mazoezi ya kuifunga nyumbani, mahali pakavu na penye mwanga, alinigeukia akaniuliza, “Shemeji, na viatu mnavifanyia mazoezi?”

Kutoka Oetz, kijiji kilicho bondeni chini ya Kühtai, barabara hupanda bila huruma. Theluji ilianza kudondoka kidogo kidogo, kisha ikaamua kufanya kazi yake sawasawa, na kabla hatujafika mbali tulikikuta kile kibao cha duara cha buluu chenye picha ya gurudumu lililovishwa minyororo. Kibao hicho si ushauri. Kinaamuru minyororo ifungwe kwenye angalau magurudumu mawili yanayoendeshwa na injini, na nawaomba wasomaji wayashike maneno hayo manne ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yaliyotugharimu jioni nzima.

Niliegesha pembeni. Mtelemko ulikuwa mkali kiasi kwamba sikuthubutu kuiamini breki ya mkono peke yake, hivyo nilibaki kwenye usukani nikiwa nimekanyaga breki kwa mguu, na kupitia kioo cha pembeni sikuona kitu isipokuwa nyayo za Shemeji zikitokeza kwenye theluji. Mke wangu alimshikia tochi. Kazi yenyewe aliifanya kwa ustadi wa kupigiwa mfano: aliupitisha waya nyuma ya gurudumu, akaziunganisha ncha zake juu, akafunga kulabu za mbele, akauvuta mnyororo wa kukazia hadi ukalia. Nilimsikia mke wangu akisema, “Kaka, mbona karatasi inaonyesha magurudumu ya mbele?” Naye akajibu kutoka chini ya gari, “Karatasi imechorwa na mtu wa ofisini. Mzigo unasukumwa na nyuma.”

Kwa Fuso, hilo ni kweli tupu. Gari letu lilikuwa limejengwa juu ya Fiat Ducato, kama zilivyo gari-nyumba nyingi za Ulaya, na Ducato ya namna hiyo huvutwa na magurudumu ya mbele. Nilipotia gia na kuachia klachi taratibu, magurudumu ya mbele yalizunguka kwa bidii kubwa mahali palepale, yakaipiga pasi theluji hadi ikawa barafu, pua ya gari ikaanza kuelekea mtaroni, na kule nyuma minyororo yetu mipya, iliyofungwa bila dosari, ilitulia kabisa. “Ongeza moto!” alipiga kelele Shemeji. Niliongeza. Tulizidi kwenda kando.

Akatokea mkulima mmoja mwenye trekta. Alishuka, akalizunguka gari lote bila haraka, akainama kuitazama kazi ya Shemeji na kutikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi, kisha akaenda mbele akagonga boneti kwa kidole, mara mbili, na kuyaonyesha magurudumu ya mbele. Shemeji alimtazama, akalitazama boneti, akalala chini kuchungulia ekseli ya nyuma, akakaa huko muda mrefu kupita mahitaji.

Mkulima alituvuta hadi mahali tambarare. Ikabidi minyororo ivuliwe, usukani ukatwe hadi mwisho ili mkono upate pa kupenya, ifungwe upya, twende mita chache na kusimama tena kuikaza, kwani minyororo hulegea ikishajikalisha. Fedha mkulima alizikataa. Maandazi aliyakubali, akaomba na ya kumpelekea mkewe. Mwendo wa juu ukiwa na minyororo ni kilomita 50 kwa saa, ila hakuna aliyethubutu kuukaribia, maana hata kwa mwendo wa maharusi vyombo vyote vilikuwa vikicheza kabatini.

Tulipofika Kühtai, Shemeji aliwarekodia sauti mafundi wenzake wa Tanga: “Wazee, huku wamegeuza magari, injini inaburuta badala ya kusukuma. Ila nimewawekea sawa.” Mke wangu, ambaye tochi aliishika kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, alimwomba namba ya mmoja wao, akatuma picha. Jibu halikuchelewa: kijana wa gereji aliuliza, kwa adabu zote, kama masika yakianza wamfungie bosi Fuso yake minyororo mbele.