Tamko la C Halisomwi kwa Kuzunguka

Kila ninapomwona mwanafunzi akizungusha kalamu mfano wa gamba la konokono juu ya tamko la C (mstari unaotaja jina na aina ya kitu katika lugha ya programu ya C), najua kuna mahali atakwama. Kanuni hiyo ya mzunguko, ya kuanzia kwenye jina na kusoma kwa kulizunguka, hupatia katika mifano midogo, lakini mpe `char *meza[3][4]`: atapita `[3]`, atarukia nyota (alama ya pointa, yaani kitu kinachoshika anwani ya kitu kingine kwenye kumbukumbu), ndipo arudi kwenye `[4]`, na atasema ni safu (mfululizo wa vitu vya aina moja) ya pointa za safu, ilhali ni safu ya safu za pointa.

Dennis Ritchie, aliyeibuni C, alikusudia tamko liige matumizi. Anayeandika `int (*f)(int)` anasema kwamba ukiifuata pointa `f`, kisha ukaiita fanksheni iliyoko huko kwa kuipa namba, utapata namba. Kwa hiyo tunaanzia kwenye jina, tunachukua kwanza kilicho kulia, kwa kuwa mabano ya wito na ya safu yana nguvu kuliko nyota, wala hatutoki nje ya mabano kabla ya kumaliza yaliyomo.

Tuchukue lile linaloogopwa zaidi:

`void (*signal(int sig, void (*func)(int)))(int);`

Kulia kwa `signal` kuna mabano, basi hii ni fanksheni, nayo inapokea namba ya ishara (taarifa ambayo mfumo huitumia programu) pamoja na pointa ya fanksheni itakayoitwa ishara ikifika. Kushoto kuna nyota: inachorudisha ni pointa. Tukitoka nje tunakuta `(int)` na `void` (hairudishi kitu), yaani pointa hiyo ni ya fanksheni ya aina ileile iliyopokelewa. Ndiyo iliyokuwa ikishika ishara hiyo kabla ya kubadilishwa. (Kiswahili hapa kinatufaa, maana "ya" na "za" hupanga kwa mstari mmoja kile ambacho C imekitawanya pande mbili.)

Ritchie mwenyewe, akisimulia historia ya C mwaka 1993, alikiri kwamba kuiweka nyota mbele badala ya nyuma kumechangia ugumu huu. Ndiyo maana nadai kila mtu ajue kulisoma tamko la namna hii, lakini nikikagua programu ya mwenzangu na kulikuta limeachwa wazi hivyo, huwa nairudisha na mistari hii miwili, ambamo `typedef` huipa aina ya pointa jina lake:

`typedef void (*mshika_ishara)(int);`
`mshika_ishara signal(int sig, mshika_ishara func);`