Somo Lililotoka Kwetu Muleba

Nilipopata udahili wa shahada ya kwanza ya Jinsia na Maendeleo, baba mdogo alinipigia simu kutoka Muleba. Alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, hiyo kozi ukimaliza unakuwa nani?" Mwalimu anajulikana, muuguzi anajulikana, mhasibu anajulikana. Sikuwa na jibu. Nyuma yake nilimsikia shangazi akisema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, yameletwa ili wanawake wagombane na waume zao.

Maneno ya shangazi nimeyasikia mara nyingi tangu siku ile, hata bwenini kwa wenzangu wa kozi nyingine. Nayapinga kwa moyo wote, kwa sababu semista ya pili nilifungua kabrasha la hukumu za mahakama nikakutana na nyumbani: Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Wilaya ya Muleba.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwanamke aitwaye Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Alizeeka, hana wa kumtunza, na mwaka 1988 akaliuza kwa Sh 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akakimbilia mahakamani: kwa mila ya Kihaya mwanamke huitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini haiuzi. Kashasha wakabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasimama na mwanamke yule. Alisema Katiba yetu, iliyoingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, hairuhusu mwanamume auze ardhi huku mwanamke akizuiwa. Mzungu yuko wapi hapo? Mama wa Kihaya, mpwa wake wa Kihaya, jaji Mtanzania, shamba la ukoo.

Wiki iliyofuata tukasoma kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ya mwaka 1983. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wa Mahakama ya Rufani walikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Ila Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, maana mahakama ilisema fedha za mradi alizopewa na mumewe alizitapanya. Tulibishana hadi mhadhara mwingine ukatutoa ukumbini. Wavulana wawili ndio waliomtetea Bi Hawa kwa nguvu zaidi.

Likizo ikaja na kazi ya kufanya: andika siku moja ya mtu wa nyumbani kwenu, saa kwa saa. Nilimchagua mama. Nikamuuliza jana alifanya kazi gani. "Jana? Jana sikufanya kazi, mvua ilinyesha."

Nikamwomba tuianze siku tangu alfajiri. Saa kumi na moja alikuwa kisimani. Akarudi akawasha moto, akawaandaa watoto, akaenda kupalilia maharage yake chini ya migomba mpaka mawingu yalipofunga. Kisha ikaja habari ya kahawa. Ilikuwa imeanikwa kwenye mkeka uani, na kila wingu lilipopita aliianua, jua likitoka akaianika tena. Mara tatu. Katikati yake alimenya ndizi, akampeleka mdogo wangu zahanati, akampikia mgeni wa baba. Kahawa ile ikiuzwa, fedha hupokelewa chama cha msingi cha ushirika kwa jina la baba. Nilipojumlisha, daftari langu lilikuwa na saa 14 za kazi za mtu ambaye hakufanya kazi.

Baba alilichukua lile daftari usiku, akalisoma mara mbili karibu na taa. Akaniuliza kama nimeandika na kuchambua maharage, maana alimwona mama akiyachambua baada ya chakula. Sikuwa nimeandika. Nikaongeza.

Swali la baba mdogo kuhusu ajira ni halali, na sitaki kulikwepa. Kozi hii haina cheo kinachojulikana mtaani. Lakini chukua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii asiyejua kuuliza fedha ikifika nyumbani inashikwa na nani, atakopesha kikundi cha akina mama na deni likabaki kwao huku fedha imekwenda kwingine. Kumfundisha mtu kuuliza swali hilo kunastahili miaka mitatu.

Kinachoniuma ni kitu kingine. Yote haya nimeyasoma kwa Kiingereza. Hukumu ya Muleba kwa Kiingereza, maisha ya mama yangu kwa Kiingereza, na daftari lile nililazimika kulitafsiri ndipo nipewe maksi. Darasani tulifundishwa kutofautisha jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani majukumu ambayo jamii humpa mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Ukitoka nje ya geti, jinsia inatumika kwa yote mawili, na wengi wakiitamka wanamaanisha wanawake peke yao. Watu watalielewaje somo ambalo hata majina yake hawajawahi kuelezwa? Bibi Titi Mohamed alipowaingiza wanawake TANU mwaka 1955 alianzia kwenye vikundi vya ngoma, kwa Kiswahili chao. TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania, iliyoanzishwa 1993, ina semina zake za Jumatano pale Mabibo, Dar es Salaam, na nilipokwenda mara ya kwanza nilimsikia mama muuza mboga akichambua bajeti ya maji kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chochote nilichosikia ukumbini. Chuo kikuu kinashindwa nini?

Mwaka jana nilirudi Muleba na hukumu ya 1990 mkononi. Nikakaa na shangazi jikoni, yule yule wa kwenye simu, nikaanza kumsomea huku natafsiri sentensi moja moja. Ilituchukua jioni nzima. Alinikatiza kila mara. Shamba lilikuwa na migomba mingapi? Huyo mpwa alikuwa akimtembelea kabla ya hapo? Nilipomaliza, nikamwambia mwanamke alishinda. Shangazi akanyamaza, akasukuma kuni ndani ya mafiga.

"Sasa," akasema, "baada ya kushinda, alipata wa kumtunza?"

Semista nzima, katika darasa la watu zaidi ya arobaini, hakuna aliyeuliza swali hilo.