Baiskeli, Sajini na Wasomaji Wasioelewana

Riwaya ya Flann O'Brien iitwayo The Third Policeman haina wasomaji wa katikati. Aliyeisoma ama atakusimulia habari za baiskeli huku akicheka peke yake, ama atasema aliiacha njiani na wala hajutii. Mvutano huu ulianza hata kabla haijawa kitabu. Mwaka 1940 kampuni ya Longmans ya London, iliyokuwa imetoa riwaya yake ya kwanza mwaka mmoja kabla, iliukataa muswada: ilitaka apunguze vioja, naye alikuwa ameviongeza. Mwandishi, mtumishi wa serikali mjini Dublin ambaye jina lake halisi ni Brian O'Nolan, akawaambia rafiki zake kuwa muswada umepotea. Alifariki 1966, kitabu kikatoka 1967.

Kisa chenyewe ni cha kijana yatima wa shamba, Ireland, anayeshirikiana na mwenzake kumuua mzee mwenye fedha ili apate gharama za kuchapisha utafiti wake juu ya de Selby, mwanafalsafa wa kubuni. Katika kulisaka sanduku la marehemu anaangukia kituo cha polisi cha ajabu, na swali la kwanza la Sajini Pluck ni kama amekuja kwa shauri la baiskeli. Nadhani hata angekuja kukiri mauaji angeulizwa hilohilo.

Lalamiko zito zaidi ni kwamba kitabu kinawafanya watu wa vijijini kuwa kichekesho. Halikuzuka hewani. Kwa miaka mingi majukwaa ya maigizo ya Uingereza yalimleta Mwairishi kama mlevi, mropokaji na mjinga, kwa hiyo anayekutana na sajini asiyewaza lingine ila baiskeli ana haki ya kushtuka.

Lakini msikilize huyo sajini. Anaeleza kwamba anayeendesha sana kwenye barabara za mawe za parokia yake hubadilishana atomu na baiskeli, kidogo kidogo. Mtu wa posta ameshafika asilimia 71. Waliozidi nusu utawajua: wameegemea ukuta kwa kiwiko, au wamesimama kando ya barabara kwa kujishikiza na mguu mmoja. Ndiyo maana sajini mwenyewe huiba baiskeli ya mwanakijiji, kisha akafuatana naye kuitafuta, akijua fika ilipo. Ni wazimu, ila una hoja, una adabu na una huruma kwa watu. Msomi wetu, kwa upande wake, ameua kwa ajili ya mtu aliyedai kwamba usiku ni hewa nyeusi iliyojikusanya. Sasa mjinga hapo ni nani?

Mwaka 1941 mwandishi huyuhuyu alitoa An Béal Bocht, kwa Kiairishi. Humo mtaalamu wa lugha anafika kijijini na mashine ya kurekodi, anainasa sauti ya nguruwe gizani, na anaondoka akiamini amepata Kiairishi safi kabisa. Kejeli yake inampiga anayekuja kuwasoma wanakijiji kuliko wanakijiji wenyewe.

Kuhusu tanbihi, wanaolalamika kwamba zinachosha nawaunga mkono kwa sehemu kubwa. Wachambuzi wa de Selby wanagombana chini ya kurasa, na kuna mahali ugomvi wao unaisukuma hadithi kabisa. Watetezi husema kuwadhihaki wasomi wanaochosha kunadai kuchosha kidogo. Kidogo, sawa. Mimi huziruka nikirudia kitabu, na sijaona nilichopoteza.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni nyingine, na haitajwi sana kama hizo mbili: wanawake karibu hawamo. Penye mapenzi, mpendwa ni baiskeli ya sajini, iliyosawiriwa kama mwanamke mpole anayetaka kusindikizwa. Ukurasa huo unachekesha na unatia kiwewe kwa pamoja, na sina hakika O'Brien aliona cha pili.

Mwaka 2005 kitabu kilionekana katika tamthilia ya televisheni ya Marekani, Lost, ya watu waliokwama kwenye kisiwa cha ajabu, na mauzo yakapanda. Waliokinunua ili wafumbue mafumbo ya kile kisiwa walikuta kanieneo za matairi na pampu. Ila wakiiacha riwaya kabla ya sura ya mwisho watakuwa wamejidhulumu, kwa sababu ni pale tu inapojulikana kwa nini maswali ya sajini hayana mwanzo wala mwisho.